Kilimanjaro Inaanzia Kwenye Belo la Igowole

Julai ikifika, Igowole, huku kwetu Mufindi, huamka ndani ya ukungu. Malori ya mbao yanapita taa zikiwaka ingawa jua limekwishachomoza, wanafunzi wanakwenda shule viganja vimevutwa ndani ya mikono ya sweta, na wanaoamkiana "kamwene" barabarani wanatoa mvuke vinywani. Mtu aliyekulia Mufindi haelezwi baridi ni nini. Ndiyo maana kijana wa huku anapopata nafasi ya kupanda Kilimanjaro, iwe kwa kujilipia, kwa kikundi cha kazini au kwa kwenda kutafuta kibarua cha upagazi, hufungasha kwa kujiamini: jinzi mbili, sweta zito, koti la mnadani, boshori, basi.

Kujiamini huko kuna haki yake, lakini kunaweza pia kumrudisha chini akiwa amebebwa. Baridi ya Igowole na baridi ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, zinaumiza kwa njia tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua nini kiingie kwenye begi. Jambo la kutia moyo ni kwamba karibu kila nguo inayotakiwa kule juu hupita hapahapa, kwenye mabelo ya mitumba yanayofunguliwa Igowole, Nyololo, Mafinga na Makambako. Tunaikosa kwa sababu mikono yetu imezoea kuchagua nguo nzito, ilhali mlima unataka nguo inayokauka.

Nayasema haya kwa sababu huu ni mlima wetu. Usiku wa Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliwasha Mwenge na kusimika bendera ya Tanganyika kileleni, na hadi leo makundi ya Watanzania hupanda kila mwaka siku hizo kuadhimisha Uhuru. Raia wa Afrika Mashariki analipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya kile anachotozwa mgeni kwa dola. Mara nyingi kinachomzuia mtu wa kipato cha kawaida ni orodha ya vifaa anayotumiwa na kampuni, iliyoandikwa kwa kumfikiria mteja wa Ulaya mwenye duka la vifaa vya mlimani mtaani kwake. Akiiona tu, anakata tamaa.

Tuanze na hesabu. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Uwanda wa Mufindi uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Uhuru, ncha ya juu kabisa ya Kilimanjaro, iko mita 5,895. Ni mita kama 4,000 za tofauti, sawa na nyuzi 26. Chukua alfajiri ya kawaida ya Julai hapa, tuseme nyuzi 8, kisha toa 26: umefika nyuzi 18 chini ya sifuri. Si kila usiku wa Kibo unafika huko, ila ndio usiku wa kujiandaa nao. Halafu kuna upepo. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 40 kwa saa unaifanya ngozi iliyo wazi ipoteze joto kana kwamba ni nyuzi 21 chini ya sifuri. Huku Mufindi tuna misitu ya misindano inayokata upepo na nyumba ya kuingia. Kutoka Kibo Hut, kwenye mita 4,720, hadi Gilman's Point hakuna hata kichaka.

Kingine kinachoitofautisha baridi ile ni mwendo wa mpandaji mwenyewe. Nyumbani tukisikia baridi tunaketi, tunajifunika, tunasogea motoni. Mlimani unatembea saa sita mfululizo, kwenye hewa ambayo huko kileleni ina karibu nusu ya oksijeni ya pwani, na unatoka jasho. Unaposimama kupumzika, jasho lile lile linageuka maji baridi mgongoni. Maji hupitisha joto mara 25 hivi zaidi ya hewa tulivu. Mtu anaweza kutetemeka hadi akashindwa kufunga kamba za viatu vyake akiwa amevaa makoti mawili mazito, kwa sababu fulana iliyo ndani imeloa.

Wachuma chai wa Mufindi wanalijua hili bila kufundishwa. Asubuhi mchumaji anajifunga aproni ya plastiki ili umande wa majani usimloweshe, na kweli umande hauingii. Akiifungua baada ya saa mbili za kazi, nguo iliyo chini yake imelowa kabisa, kwa jasho. Plastiki imezuia maji ya nje na imefungia maji ya ndani. Shambani haina hatari, maana jua likitoka anakauka. Lakini ukilivaa koti la mvua la plastiki ukipanda kutoka Barafu Camp usiku wa manane, hakuna jua la kukukausha hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa hiyo nguo ya kwanza kuifikiria ni ile inayogusa ngozi, na hapo ndipo wengi wetu tunakosea. Tunaanza na koti. Fulana ya pamba, hata iwe safi na laini namna gani, iache nyumbani au itunze ya kulalia. Pamba hunywa jasho, hulishika, na kwenye baridi haikauki. Jinzi ni pamba vilevile, tena nzito. Ikilowa kwenye msitu wa kambi ya Mandara itakuwa bado mbichi ukifika kambi ya Horombo siku ya pili. Polyesta hainywi maji kiasi cha kuhesabika, haifiki hata asilimia 1 ya uzito wake katika hewa ya kawaida, na joto la mwili linatosha kuikausha ukiwa unatembea.

Na polyesta unayo. Jezi ya Simba au ya Yanga iliyoko kabatini kwako ni polyesta. Fulana za mikono mirefu za kubana ambazo wachezaji huvaa chini ya jezi ni polyesta, na taiti zake zipo. Zinauzwa mpya kwenye maduka ya michezo ya Mafinga na Iringa. Nguo hii ya ndani nashauri uinunue mpya. Sheria nayo iko upande huo, kwani Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba. Zitakutosha fulana mbili au tatu na taiti moja au mbili, moja kati ya hizo ikitunzwa kavu kwa ajili ya usiku wa kileleni na isiguswe kabla ya hapo, hata kama hiyo nyingine inanuka. Harufu haijawahi kumshusha mtu mlimani.

Kuanzia nguo ya pili, twende kwenye mitumba.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuziondoa nguo hizi sokoni ndani ya miaka michache, ili viwanda vyetu vipumue. Rwanda ilishikilia uamuzi huo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya ushuru wa nguo iliyokuwa ikiipata kupitia AGOA, sheria ya Marekani ya biashara na Afrika. Majirani zake walikuwa wamekwisha kurudi nyuma. Hoja ya viwanda naielewa na naiheshimu. Ila kwa jaketi la mlimani, mtu wa kawaida wa Mufindi hana duka jingine. Wazungu wanaonunua jaketi la bei kubwa, wakalivaa misimu miwili na kulitoa sadaka, wametujazia mabelo bidhaa ambazo zikiwa mpya zingegharimu mshahara wa miezi.

Belo la majaketi na masweta likifunguliwa, watu huwahi makoti ya sufu ya kwenda kanisani na majaketi ya ngozi. Waache wayachukue. Wewe tafuta yale masweta mepesi ya manyoya laini, yenye zipu shingoni, ambayo muuzaji huyarundika pembeni kwa bei ya chini kwa sababu yanaonekana ya kitoto. Ukiona ndani ya kola kijitambaa kilichoandikwa Polartec, umepata. Kitambaa cha namna hiyo kilianza kutengenezwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni polyesta iliyokwaruzwa ikatoa nywele, na nywele hizo zinashika hewa, na hewa ndiyo inayokutunza joto. Kikilowa unakikamua, unakivaa, na ndani ya saa moja ya kutembea kimekauka. Mawili ya unene tofauti ni bora kuliko moja nene sana, kwa sababu unaweza kulivua moja ukipanda na kulirudisha ukisimama. Sweta la sufu halisi pia ni zuri. Sufu hunyonya mvuke mwingi wa jasho kabla hujahisi unyevu, na hata ikilowa haikuachi kabisa. Ubaya wake ni uzito na kuchelewa kukauka.

Lebo ikiwa imekatwa, uzi utasema. Chomoa nyuzi mbili tatu za kitambaa chenyewe kwenye upindo, usichukue uzi wa mshono, maana huo mara nyingi ni polyesta hata kwenye nguo ya pamba. Zichome kwa kiberiti. Pamba inaungua haraka kama karatasi, inanuka karatasi, na inaacha jivu jepesi linalopeperuka ukilipuliza. Sufu inajikunja, inasitasita kushika moto na inanuka nywele zilizoungua. Polyesta inayeyuka, inarudi nyuma na kuacha kishanga kigumu cheusi ambacho hakisagiki kwa vidole. Fundi cherehani yeyote wa zamani anakijua kipimo hiki. Umwombe muuzaji ruhusa kwanza, na kwa heshima yake ufanyie mbali na rundo la nguo.

Sasa lile la nje, la kuzuia mvua na upepo. Hapa jicho linadanganya kuliko mahali pengine, kwa sababu jaketi bovu la mvua linapendeza sawasawa na zima. Hatua ya kwanza, ligeuze ndani nje. Mishono ya jaketi la kweli la mvua imefunikwa ndani kwa mkanda mwembamba uliogandishwa. Mkanda ukiwa umebanduka na kuning'inia, mvua itapita kwenye matundu ya sindano. Pitisha kiganja ndani yote: ukihisi kunata, au ukiona unga mweupe na vipande vinavyopukutika kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, utando wa kuzuia maji umekufa na hakuna fundi wa kuufufua. Kisha bana kitambaa mdomoni, weka kiganja upande wa pili, puliza kwa nguvu. Pumzi ikifika kiganjani, upepo wa Kibo nao utafika kifuani. Mwisho mwaga matone ya maji begani na uyasubiri wakati unaangalia zipu na kofia. Maji yakijikusanya na kuteleza, vizuri. Yakinyweka juu lakini ndani pakabaki pakavu, bado linafaa, limechoka kwa nje tu.

Majaketi yaliyoandikwa Gore-Tex yana utando wenye vitundu vidogo mno, vinavyoruhusu mvuke wa jasho utoke huku tone la maji likishindwa kupenya. Ndicho kitu ambacho aproni ya chai haiwezi. Yapo mitumbani, na bei yake huwa ya jaketi la kawaida kwa muuzaji asiyelijua neno hilo. Ukubwa wake uwe wa kukutosha juu ya masweta yote mawili na jaketi la manyoya ya bata. Lijaribu palepale ukiwa umevaa vyote, nyanyua mikono juu. Likikubana kwapani, liache.

Hilo la manyoya ya bata, lile lenye mikunjo iliyovimba na jepesi ajabu, ni la kupumzikia kambini na la usiku wa kileleni. Libonyeze uone linavyovimba tena. Ukikuta mabonge magumu huku na utupu kule, limefuliwa vibaya na manyoya yameshikana. Na likilowa limekwisha kazi yake kwa siku nzima, kwa hiyo halitembei kwenye mvua na halilali chini ya hema bila kufunikwa. Yapo yaliyojazwa nyuzi za polyesta badala ya manyoya. Mazito kidogo, lakini yanavumilia unyevu. Kwa mtu asiye na uzoefu, ningemchagulia hayo.

Viatu navihofia kuliko nguo zote. Buti la mlimani la mtumba linaweza kuwa na ngozi nzima, kamba mpya, meno ya soli hayajalika, na bado likakufia siku ya tatu. Soli nyingi za kati hutengenezwa kwa povu la poliyurethani, na povu hilo huoza kwa unyevunyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita, hata kama kiatu kilikaa kabatini bila kuvaliwa. Unatembea vizuri msituni, kisha soli yote inang'oka na kubaki njiani. Kabla hujalipa, bonyeza kwa ukucha ule ukuta wa povu ulio kati ya ngozi na raba ya chini. Ukiacha alama isiyorudi, ukaona nyufa nyembamba, au ukatoka unga, rudisha. Kikipita, mpelekee fundi viatu akizungushie mshono wa uzi uliopakwa nta kuzunguka soli. Ni bima ya bei ndogo.

Kipime ukiwa umevaa soksi nene, tena jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kazi za siku. Teremka nacho kwenye mteremko wowote mkali. Vidole vikigonga mbele, ongeza namba. Watu huogopa kupanda, kumbe miguu huharibika wakati wa kushuka: kutoka Uhuru hadi geti la Mweka, lililo mita 1,640, ni zaidi ya mita 4,000 za kuteremka kwa takribani siku moja na nusu. Kata kucha za vidole vya miguu kabla ya safari. Halafu kivae mwezi mzima, kwenda shambani, sokoni, kanisani au msikitini, hadi kisahau kuwa kilikuwa cha mtu mwingine. Mabuti ya mvua ya mpira, ambayo kila nyumba ya Igowole inayo, ni mazuri kwa tope la msituni ila hayapumui na hayashiki joto. Juu ya Horombo hayana kazi.

Mikono na kichwa, kwa kifupi. Glovu nyembamba ndani na kubwa isiyotenganisha vidole nje, maana vidole vinapashana joto vikiwa pamoja. Hiyo ya nje fundi cherehani wa mtaani anaweza kuishona kwa mabaki ya jaketi la mvua lililokufa, na kuiwekea kamba ya shingoni isije ikapeperuka. Boshori tunazo, zinazofumwa na mama zetu, na ni bora kabisa. Ongeza ya kufunika uso. Miwani ya jua si urembo: miale inayochoma huongezeka kwa asilimia 10 hivi kila mita 1,000, na theluji inairudisha machoni kutoka chini. Ngozi nyeusi nayo inaungua, midomo ndiyo ya kwanza kupasuka. Vaseline inasaidia kuzuia michubuko ya mapajani na vidoleni, ila haizuii jua. Nunua mafuta ya kuzuia jua kwenye duka la dawa.

Mfuko wa kulalia usiununue. Mzuri wa nyuzi 15 chini ya sifuri ni adimu mitumbani, na uchakavu wake hauonekani kwa macho. Moshi wanakodisha, pamoja na fimbo za kutembelea. Kukodi vitu viwili hivyo na kuvaa vyako vingine ndiyo njia ninayoiamini. Ukiwa na muda, tembelea soko la Memorial palepale Moshi. Mji huo umeishi na mlima miaka mingi, na wauzaji wake wanajua jaketi la mlimani lilivyo.

Kuna kitu kimoja cha nyumbani kisichopaswa kuvuka geti, nacho ni tabia ya kuingiza jiko la mkaa ndani. Kila msimu wa baridi nyanda zetu za juu zinazika watu waliolala na jiko. Hema ni chumba kidogo kuliko hicho, zipu imefungwa, na gesi ya mkaa inayoua haina harufu. Mwenye baridi hemani ajaze maji ya moto kwenye chupa ngumu, aiviringishe soksi, aiweke miguuni ndani ya mfuko wa kulalia. Asubuhi maji hayo atayanywa. Usiku wa kileleni chupa ibebwe imepinduliwa, kwa sababu barafu huanzia juu na mdomo wake utabaki wazi. Betri za tochi ya kichwani na simu zilale nawe. Baridi huzinyonya hadi sifuri, na saa sita usiku utazihitaji.

Dada na mama wanaopanda waweke pedi hata kama tarehe zao hazijafika, kwa kuwa kimo na uchovu huvuruga mzunguko. Kitenge kimoja kiingie. Ni pamba, ndiyo, lakini kinakupa pazia la kubadilishia nguo, shuka, taulo na mto, na hakuna kifaa cha dukani kinachofanya yote hayo.

Namna ya kuvipanga. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi mlimani. Mpe fundi kazi ya kushona vifuko vitatu vya turubai jepesi: kimoja cha nguo za usiku wa kileleni, kimoja cha kulalia, kimoja cha zilizochafuka. Vikae kwenye begi laini lisilo na magurudumu, kwa sababu litabebwa kichwani. Begi dogo la mgongoni ni lako mwenyewe: jaketi la mvua, sweta moja, maji, chakula, dawa, fedha, kitambulisho. Wewe na begi kubwa mtaachana kila asubuhi na kukutana jioni, na mvua ya msitu wa Kilimanjaro haikusubiri. Kwenye basi kutoka Mafinga hadi Moshi, vaa buti zako na ushike jaketi mkononi. Mizigo hupotea safarini. Fulana utapata nyingine Moshi, buti lililozoea mguu wako hutalipata.

Kabla ya hayo yote, vijaribu. Tuna bahati ambayo watu wa Dar es Salaam hawana. Mlima Rungwe, mita 2,960, uko juu ya Tukuyu, na mvua yake ni mtihani wa jaketi lolote. Uwanda wa Kitulo, uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, uko karibu mita 2,600, na usiku wa Juni na Julai majani yake huganda umande. Karibu yake, kwenye safu ya Kipengere, kuna Mtorwi, mita 2,961, kilele kirefu kuliko vyote vya nyanda hizi. Lala Kitulo usiku mmoja ukiwa na kila kitu ulichonunua. Kilichokuangusha hapo, kibadilishe. Nguo haitibu maradhi ya kimo. Kichwa kikiuma na kutapika kukizidi, dawa ni kushuka, umevaa nini si hoja. Lakini mtu mkavu na mwenye joto hula, hulala, na mwili wake hupata nafasi ya kuzoea.

Nimeuweka mwisho uzito wa begi kwa sababu si suala lako peke yako. Begi la mgeni kwa kawaida halipaswi kuzidi kilo 15, na mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, mbali na vitu vyake binafsi. Mizani ipo getini. Kila jinzi unayoitia "kwa tahadhari" inakaa kwenye shingo ya kijana ambaye huenda alitoka Mufindi kama wewe, maana vijana wetu wanakwenda kule kutafuta kazi. Wao kwa wao wanaitana wagumu, na wanastahili jina hilo. Lakini ugumu hauzuii baridi, na wengi wao wameanza kazi wakiwa na raba, suruali ya pamba na koti la kawaida, wakibeba kilo 20 hadi kambi za mita 4,600.

Historia ya mlima huu ina watu wa namna hiyo tangu mwanzo. Hans Meyer alishindwa mwaka 1887 kwa sababu alifika kwenye barafu bila vifaa vya barafu. Oktoba 6, 1889 alifika kileleni na Ludwig Purtscheller, na majina yao yakaingia vitabuni. Kwenye kambi yao ya juu, zaidi ya mita 4,000, alibaki Mwini Amani, mtu wa Pangani, mwana wa pwani ya joto, akilinda kambi wakati wenzake wakikata ngazi kwenye barafu. Jina la mtu huyo wa jua la pwani aliyekesha kule halipaswi kusahaulika kila tunapozungumzia nani alifika juu.

Tangu 2003 Moshi kuna mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP, unaowaazima nguo za mlimani bila malipo na kufuatilia kampuni zinavyowatendea. Kijana wa Igowole anayekwenda kuanza upagazi aanzie hapo kabla ya kuanzia getini. Na wewe unayekwenda kama mpandaji, kabla hujalipa hata shilingi ya kwanza iulize kampuni: wapagazi wangu watalala kwenye hema gani, wanakula mara ngapi kwa siku, wanalipwa kiasi gani na lini, nani anakagua viatu vyao kabla ya kuondoka? Kampuni njema hujibu papo hapo. Asubuhi ya kuanza safari, getini, mkiwa mnasubiri mizani, msalimie kila mmoja na uangalie miguu yake. Ukimwona mwenye raba iliyotoboka, mwite kiongozi wa msafara umwambie palepale, wakati Moshi bado iko karibu na buti la kuazima linaweza kuletwa.